Mbigili Juu ya Lango

Nishikeni jamani, nitapasuka! Tangu jana mchana nimepiga simu kumi na moja, na kila niliyempigia nimemkatia kabla hajamaliza kusema hongera, maana nilikuwa na haraka ya kumpigia anayefuata. Mama nimempigia mara mbili. Mara ya pili akaniambia, "Rike, ulishaniambia. Kunywa maji." Maji! Leo hii mtu ananiambia ninywe maji!

Haya, nakaa chini. Nianze mwanzo, maana nikianzia mwisho mtakosa utamu, na utamu wenyewe ulianzia kwenye aibu.

Jina langu Henrike Ohlendorf, wote wananiita Rike, ni wa hapa hapa Distelrode, chini ya milima ya Harz. Nimekaa miaka minne chuoni Leipzig nikisomea kuchora herufi. Ndiyo, kuna watu wanasomea hilo. Msidhani herufi zinaota zenyewe ndani ya kompyuta kama uyoga. Kila a unayoisoma kuna mtu aliumwa mgongo kwa ajili yake. Na mimi ugonjwa wangu ni zile za kigothi: nyeusi, nene, zenye pembe na mapambo, zile mnazoziona kwenye chupa za bia na juu ya milango ya hoteli kongwe. Mwandiko huo sisi tunauita "uliovunjika," kwa sababu kalamu ya ncha bapa ikifika kwenye kona haipindi, inavunja. Halafu herufi kubwa zina ule mstari unaojikunja mbele kwa madaha. Mafundi wa zamani waliuita mkonga wa tembo. Tembo mwenyewe hawakuwahi kumwona hata mkia, lakini mkonga waliuchora barabara.

Basi miaka miwili nzima nimekuwa nikichora fonti yangu, nikaiita Distel, yaani mbigili, kama jina la mji wetu lilivyo na kama ua lililo kwenye nembo yetu. Kila herufi ndogo ina mwiba mmoja, mmoja tu. Herufi kubwa ndizo zimechanua: mikonga inapanda, inajizungusha, inaishia kwenye kichwa cha mbigili. Nilizichora kwa kalamu kwanza, wino mpaka kwenye nyusi, ndipo nikaziingiza kwenye kompyuta, kwenye kiwanda cha uchapaji cha Bi Ortrud Kessling. Yeye ndiye bosi wangu. Ana miaka sabini na nne, anachapa kadi za harusi na matangazo ya misiba kwa mashine iliyomzidi umri, na mdomo wake, we acha tu.

Mwaka huu mji wetu unatimiza miaka mia nane. Halmashauri ikataka mwandiko mmoja wa mapambo kwa kila kitu: vibao, mialiko, vyeti, hata lebo za bia ya sherehe. Mwezi wa nne wakanipa jaribio. Kuna benchi jipya kando ya kanisa, pa kupumzikia wazee wanaopanda kilima. Nikapewa neno moja: Ruhplatz, mahali pa mapumziko.

Nilikichora kile kibao wiki nzima. Dhahabu juu ya kijani. R yangu ilikuwa malkia, mkonga wake umepanda hewani na kushuka tena mpaka kwenye goti. Kikapigwa misumari siku ya Jumatano. Alhamisi asubuhi napita na mkate wangu kwapani, nakuta watu wamejaa pale wanacheka mpaka wanashikana mabega. Mtu amefunga kengele ya ng'ombe kwenye benchi. Mwingine ameweka majani makavu.

Sasa nieleweni polepole msije mkacheka na nyinyi. Kwetu mapumziko ni Ruh. Ng'ombe ni Kuh. Na katika mwandiko uliovunjika, R na K ni mapacha; usipokuwa makini nao, mama yao mwenyewe anawachanganya. Mimi mapambo yalinipanda kichwani, nikamvisha R vazi la K. Mji mzima ukasoma: Mahali pa Ng'ombe.

"Bi Henrike," akaniuliza mzee Hagen wa duka la mikate, mikono imejaa unga, "tunakamulia pale pale, au tunaleta ndoo?"

Tangu siku ile nikawa Ng'ombe. Nikipita, "Muuu!" Nikinunua maziwa dukani, "Kwani umeishiwa yako?" Daktari wa meno naye akapata pa kusemea, kwenye foleni ya mikate, kwamba afadhali, maana herufi za kigothi ni za wale wahuni wa Kinazi, wenye vichwa vipara na bendera zao. Bi Ortrud akamgeukia na mkate wake kama rungu.

"Wanazi wenyewe ndio waliozipiga marufuku, bwana meno! Mwaka arobaini na moja! Babu yangu aliagizwa aziweke zote stoo. Kabla ya hapo watu walizisoma miaka mia nne kwenye vitabu vya mapishi. Ukitaka kuogopa kitu, ogopa bili zako."

Foleni ikacheka, na mimi nikacheka kidogo. Lakini nilipofika nyumbani nikafungua barua niliyoikuta mlangoni. Kampuni moja ya Düsseldorf ilikuwa imenipa kazi: kuchora maandishi ya chupa za shampuu. Herufi laini, nyembamba, zisizo na mifupa, kama tambi zilizopikwa kupita kiasi. Wanataka jibu kabla ya Jumatatu, tarehe mosi mwezi wa saba. Nikajiambia, Rike, mji usipoitaka Distel, basi hakuna atakayeitaka. Nitaifunga kwenye sanduku, niende kwenye mapovu.

Halmashauri nayo haikukaa kimya. Ikamwita Torben Fahl, mwenye ofisi ya matangazo mjini Magdeburg, viatu vyeupe, miwani ya manjano. Yeye hachori herufi. Alikuja na fonti ya kigothi aliyoichukua bure mtandaoni, akaipaka kivuli. Wakasema tushindane. Na kwa sababu ya fedheha yangu ya ng'ombe, wakatunga sharti: kila mmoja atachora kibao kimoja cha chumba kinachofunguliwa ndani ya mnara wa lango la mji kiwe makumbusho. Jina la chumba litakuwa siri ndani ya bahasha, tutalijua sisi wawili tu na mwalimu wa makumbusho. Siku ya soko, Jumamosi ya mwisho ya mwezi wa sita, vibao vitafunuliwa na mtu asiyejua neno atavisoma kwa sauti mbele ya umati. Halafu watu wapige kura kwa vile vikadi vya kuwekea glasi ya bia. Unadumbukiza chako kwenye pipa la umtakaye.

Nani asome? Mheshimiwa meya Lüdecke mwenyewe, akajitokeza mbele. "Mimi nina sauti," akasema. Sauti anayo kweli. Ni mfugaji nyuki, miaka thelathini anapiga kelele kwenye mizinga, na kila Jumamosi mkewe anauza asali yao sokoni, na mishumaa, na dawa ya nta ya kupaka mikono iliyopasuka. Shikeni hiyo nta. Itarudi.

Bi Ortrud akaniita asubuhi iliyofuata, akatandaza R yangu na K yangu mezani.

"Hawa tembo wako wawili wanafanya nini?"

"Wananyanyua mikonga."

"Wote?"

"Wote."

"Basi nitawajuaje, mtoto wewe? Kwa majina ya baba zao?"

Nikatazama. Nikatazama tena. Halafu nikaanza kucheka peke yangu kama mwehu. K nikamwacha ameunyanyua mkonga juu, anapiga baragumu. R nikamshusha: mkonga chini, anakunywa maji, na mguu wake wa mbele nikaurusha mbele kama anayeanza kutembea. Siku tatu za kufuta na kurudia. Mwishowe hata ukiwa umesimama ng'ambo ya barabara bila miwani, tembo wa K ni huyu na tembo wa R ni yule. Nilijisikia mrefu.

Kisha tukafungua bahasha. Ndani: Wachstube.

Bi Ortrud akapiga mluzi. "Mwalimu huyu mshenzi," akasema kwa furaha. "Amechagua makusudi."

Nifafanue, na hapa ndipo pana kitovu cha habari yote. Maneno yetu yanaungana kama mabehewa ya treni. Na mwandiko wa kigothi una s mbili. Kuna s ya duara, hii mnayoijua, inayokaa mwisho wa behewa. Na kuna s ndefu, imesimama wima kama mlingoti, inayokaa mwanzoni na katikati. Sasa Wach ni lindo, Stube ni chumba: chumba cha walinzi, walipokaa askari wa lango zamani. Hapo s ni mwanzo wa behewa la pili, kwa hiyo lazima iwe ndefu. Ukiweka ya duara umesema behewa limeishia pale, na neno linakatika pengine: Wachs, Tube. Nta. Tyubu, kama ile ya dawa ya meno. Tyubu ya nta.

Rahisi basi, si ndiyo? Weka s ndefu, nenda nyumbani. Lakini siku hizi nani anaijua s ndefu? Inafanana na f. Watu wataona mlingoti wanasoma f: Wachftube, kitu kisichokuwepo duniani. Na mimi nilikuwa nimeshakuwa ng'ombe mara moja. Mara ya pili ningekuwa nani, punda?

Nikachora kibao cha kwanza kwa penseli na kumwita Jutta, mpeleka barua wetu, alipopita na baiskeli yake ya njano.

"Jutta, unaweza kutunza siri?"

"Mimi ni mtu wa posta! Najua nani kaandikiwa na nani mji huu, na bado watu wameoana."

"Nisomee hapa."

Akakunja uso. "Wach... f... Wachf-tube? Ni dawa ya kikohozi?"

Nikakaa juu ya ndoo. Jutta akanipigapiga bega. "Binti yangu, mimi nasoma anwani zilizoandikwa na madaktari kila siku. Kama mimi imenishinda, basi imeshindikana."

Torben naye, kama aliyetumwa na shetani, akaingia mchana ule ule, eti anaazima rula. Macho yake yakaenda moja kwa moja kwenye meza.

"S ndefu!" akasema. "Dada, hiyo imezikwa na bibi zetu. Fonti yangu haina hata hicho kitu."

Nikamwambia ukweli, jamani, mashahidi mpo, Bi Ortrud alikuwepo. Nikamwambia, "Torben, pale ukiweka ya duara neno litakatika mahali pabaya."

Akasogeza ile miwani ya manjano, akanisogelea sikioni, akasema taratibu: "Muuu."

Akaondoka na rula.

Nilitaka kuitoa ile s ndefu. Nakiri. Nilishika kifutio. Nikasema, Bi Ortrud, tuweke ya duara tu, kila mtu anaijua, kwa nini nijiue kwa ajili ya mlingoti? Akageuza soseji kwenye lile jiko lake dogo la umeme karibu na mashine.

"Ukiiweka ya duara," akasema, "wataisoma vizuri sana. Wataisoma uongo. Chagua."

"Na ndefu hawaisomi kabisa!"

"Basi si kosa lao. Wewe ndiye mchoraji. Huyo mlingoti amesimama peke yake katikati ya kiwanja kama mtu aliyekosa mtu wa kucheza naye dansi. Mimi pia ningemdhania mwingine."

Peke yake. Neno hilo likanigonga hapa. Nikatoka nje, nikashuka kwenye ukingo wa reli kuukuu ambako mbigili zinaota mpaka kiunoni, nikasimama tu natazama. Shina, limesimama wima. Juu yake kichwa. Lakini kichwa hakikai hewani. Shina linainama kidogo, linakipokea, vinakuwa kitu kimoja. Huwezi kukata pale. Jicho lenyewe linakataa kukata pale.

Nilikimbia! Nikarudi na miiba kwenye soksi. S ndefu nikaipinda shingo, ikamshika t kichwani, s na t zikawa mmea mmoja, shina na ua. Na chini, upande wa kushoto, nikaipa jani linaloteremka chini ya mstari, kitu ambacho f haina. Mafundi wa zamani walikuwa wakiziunga s na t hivyo hivyo kwenye herufi zao za madini ya risasi, sikuvumbua gurudumu, ila ua ni langu, jani ni langu, na ile pumzi ndogo niliyoiacha kati ya h na shina, nafasi ya unywele tu, hiyo nayo ni yangu. Inamwambia msomaji: vuta pumzi hapa, sasa endelea. Wach, Stube.

Kesho yake Jutta hata hakushuka kwenye baiskeli. Aliona kupitia dirishani. "Chumba cha walinzi!" akapaza sauti, halafu akajiziba mdomo. "Aa, siri!" Akaenda zake akicheka.

Tukakichora. Bi Ortrud alitoboa karatasi kwa kile kigurudumu cha meno, mimi nikapiga unga wa mkaa kwenye matundu yake, mistari ikashuka juu ya ubao. Rangi nyeusi, mikonga ya dhahabu, kichwa cha mbigili cha zambarau juu ya W. 

Ikafika Jumamosi. Jana! Jamani ilikuwa jana tu!

Soko limejaa. Harufu ya soseji, keki za plamu, bendi ya zimamoto inapiga nje ya tuni kama kawaida. Vibao viwili vimening'inia juu ya lango, cha Torben kushoto, changu kulia, vimefunikwa mashuka. Chini mapipa mawili. Mheshimiwa meya amevaa ule mkufu wa mji, kipaza sauti mkononi. Meza ya asali ya mkewe iko pembeni kabisa, hatua kumi.  Mfukoni nilikuwa na barua ya Düsseldorf, na kalamu ya kuisaini.

Sarafu ikarushwa, ikasema cha Torben kwanza. Shuka likaanguka. Watu wakasema "Aaah," nisiwe na choyo, kivuli kilikuwa kimekaa vizuri. Meya akavuta miwani, akakohoa, na kwa sauti ile ya kwenye mizinga akasoma:

"Wachs... tube!"

Mzee Hagen akaacha kutafuna.

"Tyubu ya nta!" akarudia, akatabasamu kabisa, maana neno lenyewe alilipenda.

 Halafu macho ya umati mzima, nawaambia mji mzima, yakatoka kwenye lango la miaka mia nane yakaenda taratibu mpaka kwenye meza ya mkewe. Na pale juu ya meza, zimepangwa kama askari, tyubu arobaini za dawa ya nta ya kupaka mikono.

"Mheshimiwa!" mzee Hagen akapaza sauti. "Yaani umeligeuza lango la mji tangazo la duka lako?"

"Bei gani hapo mnarani?" mwingine akadakia.

"Na askari wa zamani walikuwa wanajipaka nta au wanalinda?"

Meya akawa mwekundu kuliko bitiruti. "Mimi nimesoma kilichoandikwa!" akalia. "Kimeandikwa! Njooni msome wenyewe!" Mkewe akazifunika tyubu kwa kitambaa cha meza. Hapo ndipo kicheko kilipovunja kingo. Bendi ya zimamoto ilishindwa kupuliza. Mpiga tarumbeta alikaa chini kabisa.

Torben akapiga kelele, "Ni chumba cha walinzi! Kila mtu anajua ni chumba cha walinzi!" Mwalimu wa makumbusho akamjibu kwa upole wa kuua, "S yako haijui, kijana."

Mimi sikucheka. Naapa. Maana shuka langu lilikuwa bado. Kicheko kile kinaweza kugeuka sekunde yoyote na kunifuata mimi. Nakijua, nimeishi nacho miezi mitatu.

Shuka likaanguka.

Jua lilikuwa limefika pale pale. Dhahabu ikawaka. Mikonga ikapanda, ua la zambarau likakaa juu ya W kama limeota usiku ule kwenye mawe. Watu hawakusema "Aaah." Walisogea mbele, shingo zote juu. Meya akanyanyua kipaza sauti kama mtu anayeogopa kuumwa tena na nyuki. Nikaona midomo yake inajaribu kimya kimya kwanza. Wach. Pumzi ndogo, ile ya unywele, ile yangu! Kisha:

"Wach-stube." Akasimama wima. "Chumba cha walinzi. Chumba cha walinzi wa lango la Distelrode!"

Na sauti yake ilivunjika mwishoni, kwa sababu, nimekuja kujua baadaye, babu wa babu yake alikuwa mlinzi wa lango lile.

Sijui nani alianza kupiga makofi. Bi Ortrud anadai si yeye, lakini viganja vyake jioni vilikuwa vyekundu. Vikadi vya bia vikaanza kuruka. Watu hawakungoja hata foleni, wanarusha kutoka mbali, vingine vinanigonga kichwani. Daktari wa meno, yule yule, nilimwona kwa macho yangu anadumbukiza chake kwenye pipa langu huku anatazama pembeni kama anaiba. Walipomaliza kuhesabu: cha Torben thelathini na nane, changu mia tano na saba. Mia tano na saba! Mji wetu una watu elfu mbili na kidogo, na wengine bado walikuwa wanakula.

Torben akanifuata nikiwa nimekumbatiwa na Jutta na watu kila upande. Miwani ameivua. Bila miwani ana sura ya kawaida tu, hata ya huruma.

"Hivi," akasema, "hiyo Distel... ofisi yetu ikitaka kuitumia, unaitoa?"

"Naitoa," nikasema. "Ila kwanza sema."

"Niseme nini?"

"Unajua."

Akatazama kulia. Akatazama kushoto. Watu walishasogea kusikiliza.

"Muu," akasema.

"Sikusikia."

"Muuu!" Na jamani, nampa haki yake, aliitoa kutoka tumboni. Hata ng'ombe wa kweli angegeuka. Tulicheka wote, na yeye akacheka, na Bi Ortrud akamnunulia soseji.

Kabla ya kuondoka, meya alinishika mkono akasema vibao vyote vya mji, vyeti vyote, lebo zote za bia, na kadi ya harusi ya binti yake, vyote kwa Distel. Nikaitoa ile barua ya Düsseldorf. Nikageuza nyuma yake, nikaandika jibu palepale juu ya pipa, kwa mkono wangu, kwa herufi zangu zilizovunjika, N kubwa na mkonga wake: Nein. Hapana. Hilo hata wa shampuu watalisoma.

Na kibao cha benchi? Nilipanda na nyundo leo asubuhi kukitoa, niweke kipya chenye R anayekunywa maji. Nikamkuta mwalimu wa makumbusho ameshafika kabla yangu, anakifunga kile cha zamani kwenye blanketi kama mtoto mchanga. Anasema kinaingia ndani ya chumba cha walinzi, ukutani, ndani ya kioo, kitu cha kwanza kabisa cha makumbusho. "Mcheza kwao hutunzwa," akaniambia, "hata akianza kwa kujikwaa."

Kipya nimekipiga misumari minne. Bibi mmoja mwenye mkongojo akapanda kilima, akasimama, akasoma polepole kwa kidole: mahali... pa mapumziko. Akakaa. Akapumua.

Kengele ya ng'ombe nimeiacha palepale. Nimeipenda. Haya, niacheni sasa, simu ya mama inaita, na sijamwambia hii ya bibi.